Uzi Ndani ya Kabichi

Smilja alikuwa mtu wa kinyaa tangu utotoni, na Mungu kwa mzaha wake akamwoza kwenye ukoo wa walaji. Walikula kwa sauti, watu wale. Walifyonza mifupa, walilamba vidole, walibeua bila hata kugeuza uso, na wakishabeua walimshukuru Mungu. Kila mwaka tarehe kumi na tisa Desemba, siku ya Mtakatifu Nikola, mlinzi wa ukoo wao, walikusanyika watu arobaini nyumbani kwa shemeji yake mkubwa, na Smilja alianza kusikia kichefuchefu siku tatu kabla, pale pipa la kabichi chachu lilipofunguliwa.

Lile pipa! Lilikaa ghalani tangu vuli, kabichi nzima nzima zimezama kwenye maji ya chumvi, juu yake utando mweupe unaelea kama kamasi. Radojka, mke wa shemeji, aliuchota utando ule kwa mkono mtupu, akaukung'utia ukutani, kisha akajipangusa kwenye aproni ile ile ya kupikia. Mwenye moyo mwepesi asichungulie jikoni kwa watu siku ya karamu, nawaambieni.

Siku ya Nikola huangukia ndani ya mfungo wa Noeli, kwa hiyo meza yake haina nyama, haina maziwa, haina yai. Samaki wanaruhusiwa. Maharage yapo. Na ipo sarma ya mfungo, yaani majani ya ile kabichi chachu yaliyoviringishwa na kufungiwa ndani yake wali, kokwa za jozi na uyoga. Sarma ya Radojka ilisifiwa hadi ng'ambo ya mto Morava. Mwaka juzi padri alikula saba, akafungua kifungo cha mkanda, akala ya nane. "Utadhani nyama!" walisema watu wakijilamba midomo, na Radojka aliinamisha macho kama bikira kwenye picha ya kanisani.

Aliyeisifu kuliko wote alikuwa Mama Dobrila, mama mkwe wao, na yeye ndiye aliyekuwa na sababu ya kuogopa nyama kuliko watu wote wa bonde lile. Gavrilo, mwanawe wa pili, ambaye sasa ni mume wa Smilja, aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka minne. Madaktari walishakata tamaa. Dobrila alipiga magoti mbele ya picha ya Nikola akaweka nadhiri: mtoto akipona, nyama haitapita kinywani mwangu siku yoyote ya mfungo mpaka naingia kaburini, na siku nitakayoivunja, mchukue. Gavrilo akapona. Leo ana miaka arobaini na sita, kitambi na upara, na akikohoa tu mama yake anashika kifua chake mwenyewe. Hata alipovunjika nyonga, Dobrila alikataa supu ya kuku hospitalini kwa kuwa ilikuwa Jumatano, siku ya mfungo, akala mkate mkavu kwa maji.

Smilja alikuwa mwalimu wa biolojia, hakuamini kwamba watakatifu hufanya biashara ya watoto. Lakini aliamini kwamba yule mama anaamini, na hilo lilimtosha kumheshimu.

Mwaka huu, asubuhi ya Nikola, padri alikuwa ameshakuja, mkate umekatwa na kumwagiwa divai, mshumaa mrefu unawaka chumba kikubwa. Wageni wa kwanza walishavua viatu vyao vya matope ukumbini na kuketi. Smilja aliingia jikoni na bakuli lake la maharage ya kuoka, kazi pekee aliyoaminiwa.

"Karibu, mwalimu wa vitunguu," alisema Radojka. Alikuwa mwanamke mnene, mwekundu, mwenye jasho juu ya mdomo. "Umetia chumvi safari hii, au tumesahau tena?"

"Nimetia."

"Mungu mkubwa. Niwekee pale, mbali na chakula."

Juu ya jiko kulikuwa na chungu kikubwa cha udongo, mafuta mekundu ya pilipili yakitokota ukingoni. Sarma moja ilikuwa imepasuka, imelala kwenye sahani. Radojka akaisukuma mbele yake. "Hiyo imekufa, kula wewe. Usiniangalie hivyo, haiumi."

Smilja aliila kwa sababu kukataa kungezaa maneno. Ilikuwa tamu, kwa kweli, na utamu wenyewe ukamtia shaka, mzito na wa moshi, unaoganda kwenye ufizi. Kisha akasikia kitu kimenasa kati ya magego. Hakuna kitu alichokichukia duniani kama kitu kilichonasa menoni. Akageukia dirisha, akachokonoa kwa ukucha, akavuta. Uzi. Mfupi, mwekundu kahawia, usiokatika.

"Umetia nini humu?" akauliza.

"Uyoga wa moshi."

"Uyoga una nyuzi hivi?"

"Wa porini unao. Sasa utaniletea na kipimo?"

Ndicho hasa alichofanya. Aliufunga uzi kwenye karatasi ya kufutia mikono, akanyofoa na kipande cha uyoga uliobaki kwenye ubao wa kukatia, akavuka ua kwenda nyumbani kwake, theluji iliyoyeyuka ikichuruzika ndani ya viatu.

Hadubini ya shule ilikuwa mezani kwake, kwa kuwa Jumatatu darasa la sita wangefanya somo lake la kila mwaka. Alilipenda nusu na kulichukia nusu. Nusu ya kwanza ni ngozi nyembamba ya kitunguu: seli zimepangwa safi, kila moja na ukuta wake mgumu, kila moja imejifungia kwake kama mtu mstaarabu. Nusu ya pili watoto hujikwangua ndani ya shavu kwa kijiti, wakapiga kelele za kinyaa, na kwenye kioo huonekana seli za binadamu, matambara yaliyojikunja, kila seli na kiini chake katikati na utando laini tu unaoizunguka, zimelaliana ovyo, hazina ukuta wala adabu. Kila mwaka Smilja aliwaambia watoto kwamba mmea na mnyama vimejengwa kwa seli sawasawa, tofauti ni kwamba mmea una ukuta, na wenye majani mabichi hujipikia wenyewe kwa jua, ilhali mnyama lazima ale mwenzake. Aliposema hayo aliona mbele yake shemeji akifyonza kichwa cha samaki.

Alianza na uyoga, kwa haki. Uyoga si mmea wala mnyama, una mambo yake, na kwenye kioo ulijionyesha wazi: vijifereji vyembamba vya kuta, vimetawanyika na kupindana bila mpango. Kisha akatenganisha ule uzi kwa sindano mbili, akaudondoshea rangi, akainama.

Hapakuwa na ukuta. Alisogeza kioo kushoto, akasogeza kulia. Hapakuwa na ukuta popote. Kulikuwa na nyuzi nene zimelala sambamba, na kila uzi umepigwa mistari midogo ya kukingama, sawasawa kama daftari la mtoto, na viini vimebandikwa pembeni pembeni. Mistari hiyo haiko kwenye uyoga. Haiko kwenye jozi, wala kwenye kabichi, wala kwenye mchele. Iko kwenye msuli wa kiumbe aliyetembea kwa miguu yake.

Na kwa moshi ule na mafuta yale, alikuwa nguruwe. Alikuwa amemeza nguruwe, na utamu wake ulikuwa bado kooni. Smilja alikimbilia sinki, akainama, hakikutoka kitu. Alikunywa maji, akasukutua, akatema, na hata maji yenyewe aliyaona yana mafuta. Haikuwa nyama iliyomchafua roho, maana nyama alikula siku nyingine kama watu wote. Kilichomchafua ni yale macho yaliyoinamishwa, ile "utadhani nyama" ya kila mwaka, na yule mama akijipiga ishara ya msalaba kabla ya kutia kinywani. Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii kimevaa aproni.

Radojka alikuwa anakata mkate aliporudi.

"Ni nguruwe," alisema Smilja.

Kisu hakikusimama. "Mbavu za moshi. Naziponda laini kabisa. Wewe una meno ya panya, ndiyo maana umeziona."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa pili wa kuachiwa hii karamu. Miaka tisa." Akageuka sasa, bila haya. "Nini? Nimeua mtu? Mwaka wa kwanza nilipika ya mfungo kweli, walikula moja moja wakatazamana. Kijiji kizima kilinisema. Mwaka wa pili nikatia mbavu, nikawa malkia. Basi."

"Na Mama?"

"Mama analamba sahani."

"Radojka! Unajua kaweka nini rehani yule mama. Miaka arobaini na miwili!"

"Na mumeo Gavra amekufa? Hajafa. Miaka tisa mama yake anakula nguruwe siku ya Nikola, na mwanaume anazidi kunenepa. Kwa hiyo Nikola hajali, au naye anaipenda sarma yangu." Akacheka, na Smilja akaona kipande cha kitu cheusi kwenye jino lake.

"Usimpe leo. Mpe samaki."

"Atauliza kwa nini. Amekaa njaa tangu alfajiri akiingoja."

"Basi mwambie ukweli."

"Mwambie wewe, mwalimu." Radojka alimsogelea, akinuka vitunguu saumu na jasho. "Nenda pale mbele ya mshumaa, umwambie kwamba nadhiri yake imeoza miaka tisa. Halafu ukae naye usiku. Umshike mkono Gavra akipiga chafya. Utaweza?"

Smilja hakuweza, na wote wawili walilijua hilo. Alimwona Dobrila mlangoni mwa chumba kikubwa, mdogo, mkavu, kitambaa cheusi kichwani, mikono imekunjwa mapajani kama mtoto anayengoja zawadi. Ukweli ungemuua yule kwa hofu, taratibu, kila mwanawe anapokohoa. Na uongo ungemlisha nyama tena, leo, baada ya dakika tano. Ya miaka tisa hayakuwa na dawa. Ya leo yalikuwa bado chunguni.

"Smiljo!" Gavrilo alimwita mkewe kutoka chumbani. "Tunakufa na njaa huku!"

"Lete nibebe," Smilja alimwambia Radojka.

"Wewe? Kina uzito wa ndama."

"Lete, nimesema."

Alikizungushia taulo, akakiinua. Mvuke ule wa moshi ulimpiga usoni moja kwa moja, akafumba macho. Alipofika ukumbini, kwenye kizingiti, mbele ya rundo la viatu vya watu arobaini, akakiachia.

Mlio wake ulisikika hadi barabarani. Chungu kilipasuka, supu nyekundu ikasambaa sakafuni na kuchanganyika na matope ya viatu, mafuta yakaanza kuganda papo hapo kwenye ubaridi wa saruji. Sarma ziliviringika kila upande kama panya waliochunwa. Moja ilitua ndani ya kiatu cha padri. Nyingine zilipasuka, zikamwaga matumbo yao ya wali.

Nyumba nzima ikafumuka.

"Mikono ya siagi!" alipiga yowe Radojka, na hasira yake ilikuwa ya kweli kabisa. "Siku mbili! Siku mbili nimesimama kwa miguu yangu! Amefanya makusudi, huyu!"

"Smiljo, una nini wewe?" alisema Gavrilo, masikio mekundu kwa aibu. "Hata kubeba?"

"Imeniponyoka," alisema Smilja. Maji yakimwagika hayazoleki, alijiambia, na moyo wake ukapoa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Lakini hakuwa amewahesabia wazee wa Morava na chakula cha mtakatifu. Dobrila alikuja polepole kwa fimbo yake, akasimama juu ya uharibifu ule, akapiga ishara ya msalaba. Kisha akainama. Kitako cha chungu kilikuwa kimebaki kizima kama bakuli, na ndani yake, katika supu iliyorukiwa na matope, zilikaa sarma tano.

"Hizi hazikugusa ardhi," alisema yule mama. "Chakula cha Nikola hakitupwi. Nileteeni kiti."

"Mama, ni chafu!" alisema Smilja.

"Uchafu wa ardhi hauvunji mfungo, binti. Nimekula mkate wenye ukungu wakati wa vita." Akaketi pale pale ukumbini, bakuli la kigae mapajani, akachukua sarma moja kwa vidole, akaipuliza, akafuta chembe ya tope kwa kidole gumba. "Nikola baba, usituhesabie," akasema, akafungua kinywa chake chenye meno manne.

Smilja akamnyang'anya.

Alimpokonya mkononi, mbele ya ukoo wote, akaisokomeza nzima kinywani mwake. Mtu mmoja alisema, "Ee Mungu." Smilja alitafuna. Kabichi ilivunjika kwa mlio mdogo, kuta zake zote elfu zikibomoka kwa wakati mmoja, na nyuma yake ukaja ule ulaini, zile nyuzi, ile mistari aliyoiona kwa macho yake. Akameza. Akachukua ya pili kabla mama hajafunga mdomo.

"Smiljo!" alisema Gavrilo.

"Mwacheni," alisema mjomba mmoja, "labda ana mimba."

"Kwa miaka arobaini na nne? Basi ni muujiza wa Nikola," alisema mwingine, na wakacheka, lakini si kwa furaha. Ya tatu ilikuwa na mchanga, ukasaga menoni. Ya nne ilikuwa na unywele, mrefu, mweusi, ukamlalia kooni na haukutaka kwenda chini wala juu. Machozi yalimtoka. Supu ilimchuruzika kidevuni hadi shingoni, na alijua jinsi anavyoonekana, maana ndivyo yeye mwenyewe alivyowaona hao watu miaka ishirini. Ya tano aliishika kwa mikono miwili. Akafumba macho, akatafuna, akameza, akasimama amejishika kwenye ukuta.

Dobrila alitazama kigae kitupu mapajani mwake.

"Njaa gani hiyo, mwanangu?" aliuliza taratibu. "Nami niliingoja hii sarma mwaka mzima."

Hakuna tusi lililowahi kumchoma Smilja kama sentensi hiyo. Radojka aliona nafasi yake, akajitokeza akijipangusa mikono kwenye aproni. "Usijali, Mama yangu. Kesho Ijumaa, mfungo bado upo. Nitakupikia sufuria nyingine, yako peke yako, nikuletee kitandani."

"Kesho napika mimi," alisema Smilja.

"Wewe?" walisema watu watatu.

"Mimi. Na mwakani, na kila mwaka. Chakula chote cha mfungo cha Mama, kuanzia leo, kitatoka mkononi kwangu. Nimemwaga mimi, nitalipa mimi."

Radojka akafungua kinywa. Smilja akamkazia macho, akaingiza ukucha kati ya magego, akavuta uzi mwekundu kahawia, akauinua juu kwenye mwanga wa mshumaa uliotoka chumbani, kati yao wawili tu. Radojka akafunga kinywa.

"Basi apike," akasema, akageuka kutafuta kitambaa cha kupangusia.

Wakamrudisha mama mezani. Samaki walikuwa wameshaliwa na wageni wakati wa vurugu, vimebaki vichwa. Kilichobaki kizima ni lile bakuli la maharage pembeni, mbali na chakula, halijaguswa na mtu. Gavrilo akampakulia mama yake. Dobrila akatia kijiko, akatafuna muda mrefu, uso ukikunjamana kidogo kidogo mpaka macho yakapotea. Smilja alisimama mlangoni, mkono kinywani.

Hatimaye yule mama alimeza. Akaiinulia uso picha ya mtakatifu wake juu ya mshumaa, akamsemesha kwa sauti, kama mtu anayemsemesha jirani wa zamani.

"Nikola baba, miaka arobaini na miwili nimekupa nyama yangu yote. Haya, chukua na ladha. Mtoto niachie."

Akasogeza sahani karibu, akachota kijiko cha pili.